Uzinduzi wa Sikio la Ardhi

Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Jamhuri ya Zinduka ni ndogo kiasi kwamba wachora ramani huliandika jina lake baharini, maana ndani ya mipaka halienei. Lakini nchi yenyewe ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko barabara zake za lami, na ina sheria moja ambayo watoto huijua kabla hawajajua kusoma: kitu chochote cha umma kisitumike mpaka kizinduliwe. Mwenye mamlaka ya kuzindua ni mmoja tu, Mheshimiwa Mzinduzi Mkuu wa Taifa, ambaye kwingineko angeitwa rais.

Ni sheria nzuri na mimi siisemi vibaya. Inaleta nidhamu. Daraja la mto Lumbo lilikamilika zamani, likafungwa utepe mwekundu huku na huku, na wananchi wakaendelea kuvuka majini pembeni yake, nguo wamejitwika kichwani, wakilisifu daraja lao kwa uimara. Wodi ya wazazi ya mkoa ilipokuwa inasubiri mkasi, wajawazito walijifungulia barazani huku wakitazama vitanda vipya kupitia dirishani. Hakuna aliyelalamika, au tuseme aliyelalamika hakusikika, kwa kuwa vipaza sauti vya mkoa navyo vilikuwa havijazinduliwa.

Sasa, mataifa makubwa, ambayo yalikuwa yamelipua mabomu ya nyuklia mpaka yakaridhika, yaliamua kwamba imetosha, na hasa imetosha kwa wale ambao hawajaanza. Yakaandika mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya mabomu hayo. Mengine yakautia saini. Mengine yakautia saini lakini hayakuuridhia. Mengine yakasema yanaupenda mno mkataba ule, ila kuusaini kunaweza kuwavunja moyo wanajeshi wao. Yote kwa pamoja yalikubaliana kuchangia fedha ili dunia itegewe masikio, yaani mitambo ya kunasa mitetemo ya ardhi, ili yeyote atakayelipua bomu kwa siri huko chini asikike. Mtambo mmoja ukaangukia Zinduka, nchi ambayo hata fataki za mwaka mpya huziagiza kutoka nje.

Aliyekabidhiwa mtambo huo alikuwa Mhandisi Zawena Mbaruku, mwanamke wa makamo mwenye subira fupi na sauti inayopanda haraka. Wataalamu wa kigeni walizunguka nchi nzima kutafuta mahali patulivu, wakapapata bondeni, chini ya Mlima Kipara. Hapakuwa na barabara, hapakuwa na kiwanda, na kelele kubwa kuliko zote ilikuwa ya mbuzi. Wakachimba shimo refu mwambani, wakaushusha mtambo, wakaunganisha nyaya kwenye kijumba cha juu, wakamfundisha Zawena kila kitu, wakaenda zao. Siku hiyohiyo akaja afisa kutoka makao makuu, akafunga utepe kwenye swichi ya kuwashia.

Zawena angeweza kuvumilia. Alikwisha kuona mashine nyingi zikizeekea kwenye utepe. Tatizo ni kwamba kijiji cha Kisogoni kilikuwa pale pale mlimani, mgongoni mwa Kipara, na Kisogoni ndiko alikozaliwa, na baba yake mzazi alikuwa bado anaishi huko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Sikiliza, ile chemchemi yetu imebadilika. Zamani tulikuwa tunapasha maji ya kuoga. Sasa tunayapoza. Jana mke wa Chande kachemshia mayai mle mle."

"Yakaiva?"

"Yakaiva vizuri tu. Na pimbi wameshuka wote, Zawena. Mlima mzima hauna pimbi. Wako huku chini wanakula mboga za watu bila haya."

Zawena akakata simu. Mtambo ule uliotegwa kusikiliza mabomu ulikuwa na uwezo wa kusikia kila kinachotikisika chini ya ardhi, na mlima unaotaka kulipuka hutikisika kabla. Kuuwasha tu, kuusikiliza kwa utulivu kidogo, basi angejua kama watu wa Kisogoni wahame au wakae. Alikwenda kwanza kwa mkuu wa wilaya, kijana mpole aliyevaa tai hata jikoni kwake. Akamweleza habari ya chemchemi na ya pimbi.

"Mhandisi, nakuelewa sana," alisema mkuu wa wilaya. "Lakini kuhamisha kijiji ni jambo la serikali, linahitaji ushahidi wa kiserikali. Pimbi si chombo kilichozinduliwa."

Basi akafunga safari hadi mji mkuu, kwa Waziri wa Amani na Mambo Mengineyo, Mheshimiwa Gaspari Luhende. Waziri alikuwa mtu mnene, mkarimu, mwenye ofisi iliyopambwa vipande vya tepe zote alizowahi kushuhudia zikikatwa. Alimkaribisha chai, akamuuliza habari za nyumbani, akamsikiliza huku amefumba macho, jambo ambalo watumishi wake walikuwa wameambiwa walitafsiri kuwa ni tafakuri.

"Mama Mhandisi," alisema alipoyafumbua, "hofu yako ni ya kizalendo na nimeipokea. Uzinduzi upo njiani. Ila wafadhili wameongezeka. Tulianza na mmoja, sasa ni kundi. Kila mmoja anataka nembo yake ionekane kwenye mtambo, na mtambo wenyewe uko shimoni. Kwa hiyo tunajenga kibanda cha nembo."

"Mheshimiwa, naomba niuwashe kwa majaribio tu. Tusiseme umeanza kazi."

Waziri alimtazama kama mtu aliyetukanwa msikitini.

"Majaribio? Umeusoma huo mkataba, au umeutazama tu? Kitu kinachopigwa marufuku mle ni nini? Majaribio! Sisi tuwe nchi ya kwanza duniani kuuvunja kabla hata hatujauzindua?"

"Hayo ni majaribio ya mabomu, mheshimiwa!"

"Ndivyo wanavyosema wote wanaokamatwa."

Sauti ya Zawena ikapanda. Alisema kuna watu juu ya mlima ule, kuna watoto, kuna baba yake. Alisema hakuja kuomba gari wala posho, anaomba kubonyeza kitu kidogo kama kifungo cha shati. Waziri akampa kitambaa cha kujipangusia machozi, akamuahidi kwamba suala lake litafikishwa kwenye Kamati ya Uzinduzi mara tu kamati hiyo itakapozinduliwa.

Na kamati ilizinduliwa, tena kwa shangwe. Ikafuata semina ya wajumbe kujifunza maana ya amani, ikafanyika kwenye hoteli ya ufukweni kwa sababu amani inafahamika vizuri zaidi penye upepo. Ikafuata ziara ya kwenda kuona mitambo ya nchi nyingine, ambako wajumbe walishangaa kukuta imewashwa. Fedha za wafadhili zilikuwa zinamiminika na hakuna aliyeweza kusema zinakwenda kusiko, kwa maana kila mahali zilipokwenda palikuwa na bango linalosema zimefika. Mfadhili mmoja, taifa lenye mabomu mengi, alichangia kuliko wote na akaomba kitu kimoja tu kwa adabu: sikio lile lisielekezwe sana upande wake. Akajibiwa kwamba sikio limo shimoni na linaelekea chini. Akashukuru.

Zawena alibaki bondeni na mtambo wake uliofungwa utepe. Alipiga simu mpaka akajulikana na wapokea simu wote wa serikali, ambao walimhurumia na kumsalimia kwa jina. Aliandika barua, akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Aliandika kuulizia ile iliyopokelewa, akajibiwa kwamba hata hiyo imepokelewa. Kuna hasira inayokuja na kuondoka, na kuna ile inayohamia ndani ya mtu na kukaa kama mpangaji asiyelipa. Yake ilikuwa hiyo ya pili. Mara mbili aliingia kwenye kijumba akaushika utepe. Lakini mlinzi alikuwa mlangoni na bunduki, na sheria ilisema anayetumia kitu kabla ya kuzinduliwa adhabu yake ni sawa na ya mhaini, na mtambo wenyewe hunyang'anywa ukarudishwa ghalani. Angefungwa, na mlima ungebaki bila mtu wa kuusikiliza. Akauachia.

Kisha bonde likaanza kupambwa. Kwa heshima ya Mzinduzi Mkuu ililetwa barabara ya lami, na ili kuipata lami walilipua baruti kwenye mwamba jirani. Likajengwa jukwaa la wageni mashuhuri, na kwa kuwa mahali penye mandhari nzuri kuliko pote palikuwa juu ya shimo, likajengwa juu ya shimo. Zikaletwa jenereta za kupoza hema la mabalozi.

"Mtambo huu unataka ukimya!" Zawena alimpigia kelele Mkuu wa Itifaki, Bwana Tindwa, aliyekuja kukagua viti. "Ndiyo sababu uliwekwa huku! Unasikia hata mtu akitembea!"

Bwana Tindwa alikuwa mzee mrefu, mtaratibu, aliyetumikia wazinduzi wakuu watatu bila kukosea kiti hata kimoja. Hakuwa na roho mbaya. Alitoa ratiba mfukoni, akaipitia kwa kidole.

"Ukimya haumo, Mhandisi. Kuna mizinga, kuna beseni za kunawia mikono, kuna ngoma, kuna gwaride, kuna kwaya, kuna ngoma tena."

Siku ya uzinduzi ikafika. Kwa kuwa bonde halikuwa na watu wa kutosha kushangilia, serikali ilipeleka malori Kisogoni alfajiri, ikawateremsha wanakijiji wote, wazee kwa watoto, ikawagawia fulana zenye picha ya sikio. Zawena alipowaona wakishuka kwenye malori alikaribia kupiga vigelegele. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa juu ya mlima ule. Alimkuta baba yake, Mzee Mbaruku, fulana imembana tumboni, anacheka.

"Zawena, umekonda. Hiki ndicho kidude chenyewe?"

"Hakionekani, baba. Kiko chini ya jukwaa."

"Na wamekaa juu yake?"

"Wamekaa juu yake."

Mzee akatikisa kichwa, akaenda kujiunga na wachezaji, maana walikuwa wameambiwa asiyecheza hapewi chakula.

Mzinduzi Mkuu akahutubia. "Ndugu wananchi," alisema, "leo Zinduka inaingia katika historia ya nyuklia. Kuna mataifa yanayojua kulipua, na kuna mataifa yanayojua kusikiliza. Sisi tumechagua kusikiliza. Tumesikiliza wafadhili, na wafadhili wametusikiliza, na leo tunakata utepe ili hata ardhi nayo isijione imesahauliwa." Mabalozi wakapiga makofi kwa mpangilio wa michango yao. Mzinduzi akapewa mkasi. Utepe ukakatwa. Mizinga ikalia, gwaride likapita, na Kisogoni nzima ikaruka juu na kutua kwa pamoja.

Zawena alikuwa ameketi kwenye kijumba, mbele ya kioo cha mtambo. Mstari ulioonyesha mitetemo ulipanda na kushuka mpaka kioo chote kikawa cheusi. Kutoka makao makuu ya mkataba, ng'ambo, ikaingia simu ya mtaalamu mwenye wasiwasi akiuliza ni silaha gani imelipuliwa Zinduka. Zawena akamjibu kwamba ni furaha.

Halafu, ngoma moja ilipopisha nyingine, kelele zilipungua kwa muda mfupi sana, na pale kwenye kioo akaona kitu. Chini ya vishindo vya miguu kulikuwa na mtetemo mwingine, wa polepole, mzito, usiofuata ngoma ya mtu yeyote. Kabla hajaushika vizuri, ngoma mpya ikaanza na kioo kikawa cheusi tena. Alijua alichokiona, na alijua vilevile kwamba hakuna mtu atakayekubali kuhamisha kijiji kwa kitu alichokiona kwa kufumba na kufumbua. Alihitaji dakika moja, watu wote watulie, mstari ule ujiandike peke yake.

Akatoka mbio, akamshika mkono Bwana Tindwa nyuma ya jukwaa.

"Mzee wangu, nakuomba. Dakika moja ya ukimya. Moja tu."

Bwana Tindwa hakumkemea. Alifikiri kweli kweli, paji la uso limemkunjamana, akiyapitia kichwani yote aliyojifunza katika maisha yake ya kazi.

"Inawezekana," alisema. "Itifaki inaruhusu. Watu husimama, bendi hunyamaza, injini huzimwa. Marehemu ni nani?"

"Hakuna marehemu."

"Dakika ya ukimya ni ya marehemu, Mhandisi."

"Marehemu ni hawa hapa!" Zawena akaelekeza kidole kwa wachezaji. "Ni wale kule na fulana zao! Hawajafa bado, mzee wangu!"

Bwana Tindwa aliwatazama wanakijiji wakicheza, akamtazama Zawena, na macho yake yalikuwa na masikitiko ya kweli.

"Basi siwezi kuwasimamisha watu," alisema. "Ningependa sana. Lakini hawajafa."

Jioni sherehe ilikwisha, na malori yakapanga foleni. Katika historia yote ya Zinduka hakuna shughuli ya serikali iliyowahi kufanyika kwa wakati, isipokuwa hiyo moja ya kuwarudisha watu wa Kisogoni mlimani. Zawena alisimama mbele ya lori la kwanza amenyoosha mikono.

"Mama, nisamehe," dereva alimwambia kwa upole, akichungulia dirishani. "Hapa nimepewa mafuta ya kuwarudisha. Ya kuwabakisha sikupewa."

Polisi wawili wakamwondoa barabarani. Alimkimbilia baba yake, akamng'ang'ania mkono, akamwambia alichokiona kwenye kioo. Mzee Mbaruku alimwamini palepale. Ndiye mtu wa kwanza aliyemwamini bila kuuliza kama kitu kile kimezinduliwa.

"Baki hapa, baba. Usipande."

"Nibaki, halafu hawa niwaambie nini? Kwamba mimi nina mtoto mhandisi, ninyi nendeni salama?" Alichomoa mkono wake taratibu kutoka kwenye mikono ya binti yake. "Nakwenda nao. Nikifika nitagonga debe mpaka watoke. Nitawaambia wewe umesema."

"Nami nakuja."

"Wewe kaa na mashine yako. Ikikwambia jambo, nani mwingine ataielewa?"

Akapanda lori akisaidiwa na vijana, mlango wa nyuma ukafungwa. Usiku ule Zawena alikesha mbele ya mtambo, lakini jenereta za mabalozi waliolala hemani hazikuzimwa, na kioo kikabaki cheusi.

Alfajiri ya siku iliyofuata ubavu wa Mlima Kipara ulifunguka na tope la moto likashuka juu ya Kisogoni. Walionusurika, na hawakuwa wachache, walisema walitoka kwa sababu ya mzee mmoja aliyepita nyumba kwa nyumba akigonga debe na kuwatukana wenye usingizi. Alikuwa amebakiza nyumba za upande wa juu. Alipatikana huko, pamoja na watu wa nyumba hizo.

Serikali haikukaa kimya. Iliunda tume ya kuchunguza ni nani aliyetoa tahadhari kwa wananchi wakati mfumo wa taifa wa tahadhari haujazinduliwa, na debe likachukuliwa kuwa kielelezo. Makao makuu ya mkataba yalituma pongezi: katika vituo vyote vipya duniani hakuna kilichowahi kunasa tukio kubwa na la wazi kama lile, na wafadhili walikuwa wameridhika sana, wameongeza mchango. Waziri Luhende alisoma pongezi hizo kwenye redio akilia, na ninaamini machozi yalikuwa yake mwenyewe.

Maombolezo ya taifa yalifanyika palepale bondeni, kwa kuwa jukwaa lilikuwepo na viti vilikuwa bado havijarudishwa. Zawena hakukaa na wafiwa. Alikuwa kwenye kijumba, kanga nyeusi kichwani, macho yamevimba. Mlango ukagongwa polepole. Alikuwa Bwana Tindwa, kofia mkononi.

"Pole sana, Mhandisi. Mungu amrehemu mzee wetu." Akatoa ratiba mfukoni. "Sikuisahau ile dakika yako. Leo imo kwenye ratiba."

Na ikatangazwa. Mzinduzi Mkuu akasimama, mabalozi wakasimama, jenereta zikazimwa, wanajeshi wakaganda, na manusura wa Kisogoni wakainamisha vichwa wakiwa bado wamevaa fulana zile, maana hawakuwa na nguo nyingine. Hata mbuzi hawakulia. Kwa mara ya kwanza tangu utegwe, mtambo ulipata ule utulivu ulionunuliwa kwa ajili yake, na kwenye kioo mstari mmoja ukaanza kujiandika, safi, mwembamba, bila kizuizi.

Zawena akasogeza uso karibu. Mtetemo ule wa polepole, mzito, ulikuwa bado upo. Haukuwa ukipungua. Ulikuwa unakuja kutoka upande wa pili wa mlima, upande wa bonde, mahali lilipokuwa jukwaa, na mabalozi, na watu wote wa Kisogoni waliobaki. Alishika kalamu aanze kupima, na bendi ikapiga wimbo wa taifa, beti zote, na jenereta zikawashwa.

Alitoka bila viatu. Alimkuta Bwana Tindwa nyuma ya jukwaa, palepale alipomkuta siku ile, akamshika mkono uleule.

"Niongezee dakika moja," alisema. "Nakusihi kwa jina la Mungu. Nimeusikia. Unataka kushuka huku. Niongezee moja nipime, nao waone wenyewe."

Mkuu wa Itifaki alimtazama kwa huruma nyingi, akaufunika mkono wake kwa mkono wake mwingine kama anavyofanya mtu anayempa pole mfiwa.

"Marehemu ni walewale, Mhandisi," alisema. "Hao tumekwisha kuwasimamia dakika yao."